SOMO: Gitaa la Besi Lisikike Kanisani



Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, anataja filimbi na kinubi, kisha anauliza watu watatambuaje kinachopigwa ikiwa vyombo hivyo havitoi sauti zinazotofautiana. Alikuwa akifundisha juu ya kunena kwa lugha, lakini mfano aliouchagua ni wa wapiga muziki, na kila tuusomapo siku hizi tunakumbuka gitaa la besi la kwaya yetu hapa Kolandoto.

Habari yenyewe wengi mnaijua. Tangu kwaya ya vijana ipate vyombo vya umeme, mwanetu wa besi hupiga kila Jumapili kuanzia wimbo wa kuingia hadi wa kutokea, wala hakuna ajuaye anapiga nini. Tunasikia ngurumo tu. Mabenchi yanatetemeka na mabati yanajibu, lakini mwulize mtu aliyekaa benchi la tano akuimbie sehemu ndogo ya alichokipiga kijana yule, hataweza. Wazee wanasema besi imezidi. Kijana mwenyewe analalamika kwamba hasikiki, naye anaomba spika kubwa zaidi. Katika kikao cha baraza yametolewa mashauri mawili: ama sehemu ya sadaka ya mavuno inunue spika kubwa mbili na amplifaya yenye nguvu maradufu, ama gitaa liuzwe na kijana arudi kuimba sauti ya nne. Tuliomba tuandike somo hili kabla shilingi yoyote haijatoka na kabla gitaa halijatoka, maana tunaamini pande zote mbili zimesema kweli, na ugonjwa ni mmoja.

BESI INAKAA WAPI

Gitaa la besi lenye nyuzi 4 hufungwa E, A, D na G. Uzi mnene kabisa, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. A ni 55, D ni 73, na G ni 98. Sasa mwimbaji wetu wa sauti ya nne, akishuka mpaka mwisho wa uwezo wake, aghalabu huishia kwenye E ya mitetemo 82, iliyo oktava moja juu ya uzi ule mnene. Yaani gitaa hili limechimba chini ya msingi wa kwaya yote.

Huko chini sikio la mwanadamu ni dhaifu. Sikio letu limeumbwa lisikie upesi kilio cha mtoto na matamshi ya maneno, ambayo mengi yako kwenye maelfu ya mitetemo kwa sekunde. Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walilipima jambo hili na kulitangaza mwaka 1933: sauti ya chini sana lazima isukumwe kwa nguvu nyingi mno ndipo ionekane sawa na sauti ya kati. Kadhalika spika inapata taabu. Ili itoe sauti ya ukubwa ule ule oktava moja chini, karatasi yake haina budi kwenda mbele na nyuma mara 4 zaidi. Mtu akizungusha kitufe cha besi hadi mwisho anaitaka spika ifanye kazi isiyoiweza, na anaongeza nguvu mahali ambapo masikio hayapokei vizuri. Spika inakoroma na sauti haifiki.

Lakini uzi haupigi sauti moja. Uzi wa E hutoa 41, na papo hapo hutoa 82, 123, 164 na kuendelea juu, kila moja ndani ya nyingine, kama maganda ya kitunguu. Na hapa kuna jambo la ajabu la uumbaji: sikio likizipata zile za juu zikiwa safi, hujijazia lenyewe ile ya chini, hata kama haikufika.

Mnaotukaribia kwa umri mtakumbuka redio ndogo za betri, spika yake haizidi kiganja cha mkono. Redio ile haikuwa na uwezo wa kutoa mitetemo 41, wala 60. Hata hivyo wakati wa Redio Tanzania Dar es Salaam tulikaa uani jioni tukazisikiliza NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, na Morogoro Jazz, na baadaye Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, na besi tulizifuata nota kwa nota. Wengine tulizipiga kwa mdomo tukienda kuchota maji. Gitaa la besi lililosikika katika redio ya kiganja linashindwaje kusikika katika spika ya inchi 15?

WALE WAZEE WALIFANYAJE

Katika studio ya redio bendi ilipiga yote kwa pamoja, watu kumi na zaidi chumbani, maiki chache, wala hapakuwa na njia ya kutengeneza chombo kimoja kimoja baadaye. Wimbo ukitoka mbaya unarudiwa. Kwa hiyo utaratibu wa sauti ulikuwa mikononi mwa wapigaji wenyewe. Sikilizeni tena nyimbo hizo kwa makini. Gitaa la solo liko juu. Gitaa la pili hulijibu chini kidogo, rithimu inakaa katikati na kupiga kwa kukatakata, na huko chini besi iko peke yake. Tumba na dramu hazipigi pale besi inapotamka. Tena besi yenyewe haijazi kila pigo: hupanda d, m, s, ikanyamaza, ikashuka, ikanyamaza tena. Ule unyamavu ndio unaokufanya uisubiri. Ngoma zetu za Kisukuma zilijua jambo hili kabla ya umeme. Katika bugobogobo ngoma kubwa haishindani na ndogo kwa kasi, na hakuna aliyewahi kuomba aongezewe spika.

Remmy Ongala, ambaye watu wengi walimjua kwa nyimbo zake za dansi na Super Matimila, alimgeukia Mungu na kuimba nyimbo za injili kabla ya kufariki dunia mwaka 2010. Tunamtaja kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kujifunza kwa bendi za dansi ni kuileta baa kanisani. Mpangilio wa sauti ni maarifa tu, nao unaweza kumtumikia Mungu.

Inafaa tujue pia kwamba gitaa la besi la umeme lilizaliwa kwa ajili ya shida hii hii. Kabla yake mpiga besi alisimama na chombo kikubwa cha mbao kinachomzidi kimo, na akimezwa na ngoma na tarumbeta. Mwaka 1951 Leo Fender wa Marekani aliuza gitaa la besi lenye vizuizi shingoni, ili nota isikike, na isikike mahali pake hasa. Alilipa jina la Precision, yaani usahihi. Neno hilo tungependa kijana wetu aliandike kwenye mfuko wa gitaa lake.

WANAOMFUNIKA

Sasa tuseme wazi, bila kumwonea mtu. Adui wa kwanza wa besi yetu ni mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Mpigaji wetu alijifunza kupiga tenzi peke yake, na mtu apigapo peke yake hana budi kushika sauti zote nne, na besi ikiwemo. Lakini akiisha kupata mwenzake wa gitaa la besi, mkono ule unapiga d wakati gitaa linapiga d, mmoja akitangulia kidogo na mwingine akichelewa kidogo, na hazilingani sawasawa kwa sababu gitaa huachia ufunguo wake kwa joto. Matokeo yake ni uji. Tena vinanda hivi vya kisasa vina midundo ya kujipiga yenyewe, na ndani ya mdundo huo, pamoja na dramu, kuna besi! Jumapili nyingi sisi tumekuwa na besi tatu: ya mwanadamu wa gitaa, ya mkono wa kushoto, na ya mashine. Mpiga kinanda aingie kwenye mpangilio wa mdundo aizime sehemu ya besi, na mkono wake wa kushoto apandishe oktava moja au autulize. Hili peke yake, tunavyoona, ni nusu ya dawa, nalo halina gharama yoyote.

Wa pili ni gitaa la rithimu. Uzi wake wa chini ni E ya mitetemo 82, ile ile ya mwimbaji wa besi. Likipigwa nyuzi zote sita, tena kitufe chake cha besi kikiwa juu, linakaa kiti cha mwenzake. Apige nyuzi 3 au 4 za juu, na kitufe cha besi cha gitaa hilo kishushwe. Litasikika jembamba likiwa peke yake, asiogope. Ndani ya kwaya litakaa sawa.

Wa tatu ni maiki za waimbaji. Maiki 6 zikiwa wazi, kila moja inapokea ngurumo ya jukwaa na kuirudisha ikiwa imechelewa. Kwenye mikisa nyingi kuna kitufe kidogo kwa kila maiki kinachokata sauti zilizo chini ya mitetemo 80 au 100. Kibonyezwe kwa maiki zote za waimbaji, hata za wanaume. Hakuna neno la Injili lililo chini ya mitetemo 80.

Dramu kubwa ya mguu ni jambo la kupatana. Nayo huishi huko chini, kwenye 50 hadi 80 hivi. Mpiga dramu na mpiga besi wakae karibu, watazamane, mguu na kidole vitue pamoja kwenye mapigo makuu. Vikitua pamoja sikio husikia kitu kimoja chenye nguvu. Vikipishana husikia kelele mbili.

VITUFE

Vijana wengi, wakiambiwa besi haisikiki, hukimbilia kitufe kilichoandikwa besi. Tumeeleza tayari kwa nini hakisaidii. Fanyeni kinyume. Kitufe cha besi kikae katikati au chini kidogo ya katikati. Kama mikisa ina kitufe cha kati kinachoweza kuhamishwa, punguzeni kidogo kwenye mitetemo 200 hadi 300, ambapo uji mwingi hukaa, halafu ongezeni kidogo kati ya 700 na 1000, ambapo sikio hupata umbo la nota. Trebo kidogo tu, ili kidole kisikike kinapougusa uzi.

Onyo moja: msipange vitufe hivi besi ikiwa inapigwa peke yake. Sauti inayopendeza peke yake, nene na laini, ndiyo inayopotea kwaya ikianza. Sisi wenyewe tulikosea hivyo miaka ile tukiwafundisha muziki wanachuo wa ualimu. Tulimpanga mpiga besi peke yake jioni nzima mpaka tukaridhika, na siku ya sherehe hakuna aliyemsikia. Tukamwambia aongeze. Wa solo naye, asijisikie, akaongeza. Kinanda kikaongeza. Kufika wimbo wa tatu waimbaji walikuwa wakipiga kelele, na wageni wa mbele walikuwa wameziba masikio. Kumbe tulipaswa kuwaambia wanne wapunguze, badala ya kumwambia mmoja aongeze.

VIDOLE

Hapa hatuna haja ya maneno mengi, kwa kuwa mazoezi yatafundisha zaidi. Nota ikiisha, uzi uzimwe kwa mkono wa kushoto au kwa kiganja cha kulia. Nyuzi zikiachwa zilie, nota ya jana inaizuia ya leo. Vidole vipige kwa nguvu zilizo sawa, maana nota moja kubwa na tatu ndogo ni sawa na mtu anayetamka neno moja katika manne. Kijana asione haya kupiga nota chache. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Motown kule Detroit, alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Nyuzi zetu zina kutu, hilo tumeliona kwa macho, na nyuzi mpya ndiyo gharama moja tunayoipendekeza kwa baraza.

Zoezi: kabla ya kushika gitaa, mpiga besi achukue kitabu cha nyimbo chenye nota za solfa na aimbe mstari wa sauti ya nne wa tenzi tatu anazozijua. Aone unavyokwenda: d, kisha s chini, kisha f, unavyorudi nyumbani mwisho wa mstari. Akiweza kuuimba bila gitaa, vidole vitakuwa na la kusema.

NYUMBA YENYEWE

Kanisa letu ni kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji na paa la bati lisilo na dari. Hakuna kinachomeza sauti isipokuwa ninyi wenyewe na nguo zenu. Ndiyo maana mazoezi ya Jumamosi, kanisa likiwa tupu, hudanganya.

Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Tukigawanya kwa 41 tunapata zaidi kidogo ya mita 8. Huo ndio urefu wa wimbi moja la uzi wa E. Chukua kanisa lenye upana wa mita 8 na nusu hivi. Wimbi hilo linaingia sawasawa kati ya kuta mbili, linakwenda na kurudi na kujikuta. Aliyeegemea ukuta na aliye katikati kabisa wanapata ngurumo. Aliyekaa mita 2 hivi kutoka ukutani hapati karibu kitu. Hivyo basi wazee wanaokaa kando ya ukuta wamesema kweli kwamba besi imezidi, na akina mama wa mabenchi ya kati kushoto wamesema kweli kwamba hawaisikii, siku moja na wimbo mmoja. Kuongeza spika hakupatanishi watu hawa.

Mahali pa spika nako kuna maana. Spika iliyowekwa sakafuni pembeni, kuta mbili zikiizunguka, huongeza ngurumo sana. Yetu imewekwa hapo hapo kwa sababu ndipo palipo na soketi. Isogezwe mbali na kona, kiasi cha hatua mbili au tatu, na ile ya mpiga besi mwenyewe iinuliwe juu ya kiti imtazame kichwani. Kwa sasa inampigia magoti, na magoti hayana masikio. Ndiyo maana anaongeza kila mara.

Kuhusu amplifaya mpya: kutoka wati 200 kwenda 400 ni ongezeko la desibeli 3, ambalo mtu wa kawaida huliona kama kidogo tu. Ili masikio yaseme sauti imekuwa kubwa maradufu, nguvu zahitaji kuongezwa mara 10. Wajumbe wa baraza wafanye hesabu hiyo kabla ya kwenda dukani Mwanza. Tena sauti za chini hupenya kuta na kusafiri mbali kuliko sauti za juu, na jirani zetu ni wagonjwa wa hospitali. Mkesha wa mwaka mpya maneno ya mahubiri hayatawafikia vitandani, lakini besi iliyozidi itawafikia usiku kucha.

Neno juu ya umeme. Mvumo ule unaosikika hata kama hakuna anayepiga ni wa umeme wenyewe, ambao hutetemeka mara 50 kwa sekunde, mle mle katika chumba cha besi. Mara nyingi hutokana na vyombo vilivyounganishwa pamoja huku vikichukua umeme kwenye soketi mbalimbali. Vyombo vyote vichukue umeme sehemu moja. Yeyote asithubutu kukata mguu wa plagi unaokwenda ardhini ili mvumo unyamaze. Mguu huo ndio unaomlinda mpigaji anayeshika nyuzi za chuma kwa mikono yenye jasho.

JUMAMOSI

Tumepatana na Kasisi wetu na kiongozi wa kwaya kwamba Jumamosi ijayo saa 9 alasiri vyombo vipangwe upya. Kwanza waimbaji na maiki zao, bila chombo chochote, mpaka maneno yasikike benchi la mwisho. Halafu besi na dramu ya mguu pamoja. Halafu kinanda, besi ya mashine ikiwa imezimwa. Magitaa mengine mwisho. Chombo kinachoingia kikimfunika aliyetangulia, kinachoingia ndicho kinachopunguzwa. Msitegemee kurekodi kwa simu ili kupima, kwa kuwa maiki ya simu husikia vibaya huko chini. Tumieni miguu, mtembee kanisani mkisikiliza.

Sisi tutakuja na chaki. Kijana atapiga uzi wa E na wa A polepole, nasi tutatembea kutoka ukuta hadi ukuta tukiweka alama ya msalaba palipo na ngurumo na alama ya duara panapopotea, kisha spika itasogezwa na tutatembea tena. Wazee waliosema besi imezidi wanaombwa waje wakae mahali pao pa kila Jumapili, na waliosema haisikiki vivyo hivyo. Akina mama wa zamu ya usafi, tunawaomba msipige deki Jumamosi jioni. Alama zibaki sakafuni mpaka ibada ya Jumapili imalizike, tuone ni zipi zimesema kweli kanisa likijaa watu.